Kunde Mbili Kwenye Kopo

Juzi Jumamosi binti yangu alitoka chumbani na makopo mawili, akayapanga dirishani mwa sebule yetu hapa Makole kama anayepanga vikombe vya wageni. Kila kopo lilikuwa na pamba na maharage mawili. Moja akalimiminia maji, la pili akaliacha vilevile. Nikamwuliza mbona hilo jingine hulitii maji. Akanijibu bila hata kunitazama, maana yuko darasa la tatu na tayari ana majibu ya mwalimu mkuu, kwamba hilo halitakiwi maji, ni la kuonyesha tu kuwa litakufa. Sasa mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila anayenijua anajua, lakini hasira za siku ile zilinishangaza hata mwenyewe. Nilimfokea mtoto kwa sababu ya maharage. Nilimwambia ayatoe mbele ya macho yangu, ayapeleke nje, ayapeleke popote anapotaka. Mtoto akaduwaa. Mama yangu, aliyekuja kutoka Bahi kutibiwa magoti na alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele, aliweka ungo chini akaniangalia.

Ilikuwa ile harufu. Pamba iliyolowa, na mbegu inayoanza kulainika ndani yake. Ninyi wa rika langu mliosoma shule za msingi za vijijini mnaijua hata kama mnadhani mmeisahau. Wengine nadhani huwakumbusha utoto na kucheka. Mimi hunirudishia hofu, hofu yenyewe kabisa, ile ya mtoto wa miaka tisa ambaye hana wa kumwambia.

Kijiji chetu kiko kandokando ya barabara kuu, mbali kidogo na Bahi yenyewe. Shule ilikuwa madarasa manne na ofisi, na darasa letu la tatu tulikuwa wengi kiasi kwamba dawati la watatu lilikaliwa na watano. Asubuhi ilikuwa ni kuwahi namba. Mnakumbuka kuwahi namba? Ukifika wa kwanza unapewa kikaratasi cha moja, anayefuata cha pili, na wale wa mwisho wanapewa walichostahili. Ufagio kwapani, kidumu cha maji mkononi, miguu mitupu kwenye vumbi la baridi. Mimi nilikuwa wa kumi au wa kumi na tano, si hodari wala si mzembe. Wiki moja tu katika maisha yangu niliwahi namba moja kila siku, na walimu walinisifu mbele ya mstari, na hawakujua nilichokuwa nafuata.

Lakini nianze na rangi nyekundu, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwaka ule barabara ilikuwa inapanuliwa. Walikuja wanaume na futi zao ndefu za kupimia, na mmoja alibeba kopo la rangi. Walipopima nyumba wakaona iko ndani ya eneo la barabara, waliipiga alama ya X ukutani, nyekundu, kubwa kuliko mimi. Ya kwetu ilinusurika kwa hatua chache. Nyumba ya Mama Rehema, aliyekuwa akituuzia maandazi asubuhi tukienda shule, haikunusurika. Kwa muda alikaa chini ya ile alama akiendelea kukaanga maandazi yake, akisema labda wamemsahau. Hawakumsahau. Tulienda shule asubuhi nyumba ipo, tulirudi mchana ni rundo la udongo, na katapila limeegeshwa pembeni dereva wake anakula muwa. Mama Rehema akahamia kwa kaka yake huko Kibakwe, na kabla ya mvua kuanza ikaja habari kwamba amefariki. Wakubwa walisema ni presha. Bibi yangu mzaa baba, mtu asiyependa maneno marefu, alisema ile alama ndiyo iliyomuua.

Yeye alisema kwa uchungu, kama watu wazima wanavyosema. Mimi nililichukua neno hilo lilivyo, nikaliweka moyoni pamoja na mambo mengine niliyokuwa nayajua kwa hakika: moto unaunguza, nyoka anauma, X nyekundu inaua.

Mwezi huohuo mama yangu aliondoka nyumbani. Alikuwa mjamzito, tumbo limekuwa kubwa, na kwa kuwa mimba mbili za nyuma zilimtesa, nesi alisema asisubirie kijijini, aende akakae chigonela. Hiyo ni nyumba ya pale kituo cha afya ambako wajawazito wanaotoka mbali wanakaa kusubiri siku zao, wanajipikia, wanalala, uchungu ukianza daktari yuko hatua chache. Baba alimpeleka, kisha akarudi kwenye ng'ombe wake. Siku ya kuondoka mama alinionyesha vitu vya nyumbani kimoja kimoja, kama anakabidhi ofisi. Unga huu hapa, chumvi ile pale, bibi yako usimwache anyanyue ndoo. Halafu akanionyesha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko, cheusi kwa moshi, ndani yake kunde za kupanda. Hicho, akasema, usikiguse.

Bibi akaongezea, kwa sauti ileile aliyoitumia kuzungumzia mvua na mauti, kwamba mbegu haitoki kibuyuni mwenyewe akiwa safarini. Sikuuliza ikitoka inakuwaje. Kwa bibi ulikuwa huulizi mara mbili.

Haikupita wiki, mwalimu wetu wa sayansi akatuambia kesho kila mmoja aje na kopo tupu na mbegu mbili za maharage. Mwalimu Hussein alikuwa Mrangi wa Kondoa, mrefu, mpole wa sauti, na upole wenyewe ndio uliotutisha, maana hakuwahi kupiga kelele kabla ya kuchapa. Fimbo yake ilikaa juu ya kabati. Alisema mbili mbili, moja ikikataa nyingine ikubali, na asiyeleta nitaonana naye. Nilifika nyumbani, bibi yuko shambani. Maharage kwetu hayakuwepo, yalikuwa chakula cha watu wenye hela. Nilitafuta kwenye vyungu, nikatafuta uvunguni, nikakaa chini nikalia kidogo. Kisha nikasogeza kinu chini ya kibuyu, nikapanda, nikachomoa kizibo, nikaingiza vidole bila kuangalia. Zikatoka kunde mbili. Moja kubwa nene, nyingine ndogo, ina doa jeupe ubavuni. Nikarudisha kinu mahali pake nikafagia hadi alama yake.

Asubuhi Mwalimu Hussein alizitazama kunde zangu kiganjani mwake, akasema kunde nazo ni mbegu, si kitu. Nikashusha pumzi. Alikuwa amenunua pamba ya duka la dawa, akaigawa vipande vidogo kama anagawa dawa, tukaweka ndani ya makopo, na juu yake mbegu. Chini ya kila kopo aligandisha kikaratasi chenye jina. Safu ya dirishani akaweka maji kwenye makopo yao. Halafu akaja kwenye safu yetu, ya katikati. Mkononi alikuwa na kopo la rangi iliyobaki baada ya kupaka mawe ya bustani, na kijiti kilichotafunwa ncha. Akakichovya. Akapiga X nyekundu kwenye kopo la kwanza, la pili, la tatu. Lilipofika langu nikashika ukingo wa dawati. Nina hakika alieleza. Alikuwa mwalimu mzuri, lazima alieleza kwamba hizi ni za kutokupewa maji ili tulinganishe. Ila masikio yangu yalikuwa yamefunga tangu kijiti kilipoingia kwenye rangi. Nilichoona ni mbegu za mama, zilizotoka kibuyuni mama akiwa safarini, zimepigwa alama iliyomuua Mama Rehema, na hakuna anayezipa maji. Kubwa na ndogo. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kumwambia mwalimu kulikuwa hakuna. Kumwambia bibi ndiyo kabisa, ningeanzia wapi, kwenye kinu? Nikajipa kazi. Siku ya pili nilifika shule wakati jua ndiyo kwanza linachungulia, kidumu kimejaa, namba moja. Makopo ya safu yetu yalikuwa yamepangwa juu ya rafu ya nyuma, X zote zikitazama darasa. Nikapanda dawati, nikamimina maji kwenye kiganja, nikaacha yadondoke taratibu kwenye kopo langu hadi pamba ikanywa. Sikio liko mlangoni. Kisha nikafagia darasa zima peke yangu. Siku ya tatu vilevile. Makopo ya wenzangu niliyaona, na nitasema ukweli, sikuyapa hata tone. Kila mtu na mama yake.

Alhamisi ikawa ziara. Wakati ule ziara ya masomo kwetu haikuwa basi na juisi, lilikuwa trekta la mzee mmoja mwenye majaruba ya mpunga, na tela lake nyuma, na sisi tumesimama ndani tumeshikana kama kuni. Tulikwenda Bahi kuona mpunga unavyohitaji maji. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba tutapita karibu na kituo cha afya na nilikuwa nimebana meno.

Pale majarubani mvua ilikuwa imechelewa. Majaruba ya chini yalikuwa na maji na mpunga wake umesimama kijani, ya juu ardhi imepasuka. Mwalimu Hussein akachuma mche mmoja kutoka juu, umekauka, akauinua tuuone wote, akauvunja kwa vidole viwili. Akasema, "Bila maji, huyu ni marehemu." Darasa zima likacheka. Mpaka leo nawakumbuka walivyocheka. Mimi nilikuwa mdogo kama kidonge cha piritoni, nikitafuta mahali pa kushika.

Wakati wa kurudi trekta lilisimama karibu na kituo cha afya, dereva akanywe chai. Nikaona uzio wa chigonela na wanawake wenye matumbo wamekaa kivulini. Na kwenye ukuta wa jiko lao, ule unaotazama barabara, nikaona X. Nyekundu, kubwa, rangi imechuruzika kwenye mguu mmoja. Sikuomba ruhusa, niliruka kutoka kwenye tela nikakimbia, goti likachubuka, sikusikia maumivu.

Mama alikuwa amekaa upande wa uzio, na kikombe cha plastiki mkononi. Aliponiona alishtuka, halafu akatabasamu. Nilimwamkia, shikamoo mama, nikang'ang'ania waya wa uzio. Yote niliyotaka kumwambia yalikuwa kooni: kinu, kibuyu, kopo, alama ukutani kwako, hama hapo, njoo twende. Badala yake nikauliza swali moja tu.

"Mama, unakunywa maji?"

Mama akanitazama muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko kidogo, akainua kile kikombe. "Nakunywa mpaka nachoka," akasema.

Mwalimu Hussein alikuwa ameshafika nyuma yangu. Alinishika mkono, akamsalimu mama kwa heshima, akamwambia mtoto wako alikuwa na hamu na wewe. Hakunichapa. Niliporudi kwenye tela nilijishika kwenye kile kicheko kama mtu anayejishika kwenye tawi. Anacheka, anakunywa maji, yuko salama. Ila kila nikifumba macho naona ule ukuta, na nikawa najiambia viganja viwili vya maji havitoshi kwa alama kubwa kiasi kile.

Ijumaa asubuhi nikawa tena namba moja. Nilipanda dawati, na safari hii sikutumia kiganja. Niliinua kidumu nikamimina. Nilimimina mpaka pamba ikaelea, mpaka maji yakafika ukingoni, nikaona zile kunde mbili zimelala chini kama ziko kisimani, na moja, ile kubwa, imepasuka ganda na imetoa kitu cheupe kidogo kama kucha. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia. Nikalirudisha kopo rafuni likiwa limejaa hivyohivyo, na Jumamosi na Jumapili zote nikashinda nimetulia. Hata bibi aliniuliza nimepata nini.

Jumatatu ndiyo siku Mwalimu Hussein alipoyashusha makopo. Ya dirishani yalikuwa yameota, watoto wakapiga makofi. Akaja kwenye rafu yetu, akawa anainua kopo moja moja, anatuonyesha ndani, anauliza je, na darasa linaitikia kwa pamoja, kavu! Kopo lingine, kavu! Nilikuwa nahesabu makopo yaliyobaki kabla ya langu kama mtu anayehesabu hatua za anayekuja kumkamata. Akainua langu. Maji yakamwagikia mkononi kwake. Darasa likaanza kuitikia kavu, likakatikia njiani. Akaliinua kopo juu ya kichwa, akasoma jina chini yake, akaniita.

Nilisimama. Aliuliza nani ametia maji. Nikasema mimi, mwalimu. Aliuliza kwa nini, kwa ile sauti ya upole, na mkono wake mwingine ukawa unapanda juu ya kabati kufuata fimbo. Sikuogopa fimbo. Niliogopa kopo, maana alikuwa amelishika pembeni, limeinama, na nilijua akilimwaga tu nje mambo yote yamekwisha. Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Kilichotoka ni mkojo. Ulishuka miguuni mbele ya darasa zima, ukatengeneza ziwa dogo chini ya dawati, na wenzangu wakajisogeza, hakuna aliyecheka hata mmoja.

Mwalimu Hussein aliirudisha fimbo. Aliwaambia wote watoke wakamwagilie bustani. Tukabaki wawili. Akachuchumaa, akamwaga maji ya ziada kwa uangalifu, akanionyesha kwa kidole.

"Hii imeota, kaipande nyumbani. Hii ndogo imeoza. Umetia maji mengi mno."

Ndivyo alivyosema, bila ukali wowote. Alikuwa ananifundisha sayansi. Nilitembea kutoka shule nikiwa nimekumbatia lile kopo, sketi imelowa. Nyuma ya jiko letu, pale maji ya vyombo yanapomwagwa, nilichimba kwa kijiko nikapanda ile kubwa. Ile ndogo ilikuwa nyeusi na laini. Niliifunga kwenye jani nikaifukia pembeni yake, na sikujua kwa nini ninatafuta jani zuri.

Jumatano mama aliletwa. Lori la mizigo lilimshusha barabarani, baba akateremka kwanza, akamshika mkono. Nilikimbia kumpokea, nikasimama njiani. Tumbo halikuwepo. Mikononi hakukuwa na mtoto. Alikuwa amebeba tu ule mfuko alioondoka nao, na juu yake zile khanga mpya alizomwekea mtoto, bado zimekunjwa vilevile, hazijafunuliwa. Bibi alimpokea mlangoni, akamwingiza ndani, kisha akatoka akaniambia, "Mtoto hakukaa." Basi. Wanawake wakaja wakakaa na mama, wakasema pole, wakaondoka. Hakuna aliyemwambia mtoto wa darasa la tatu chochote zaidi, na mimi nani alihitaji kuniambia? Nilijua. Kubwa imerudi, ndogo imeoza, na mwalimu alishanieleza sababu.

Nilimuua ndugu yangu kwa kidumu cha maji. Nililiamini hilo kama ninavyoamini jina langu. Nilikuwa namkwepa mama, akiniita naitikia kwa mbali, akininyooshea kikombe nimletee maji namwita bibi. Alikuwa haongei siku zile, anatazama ukuta, na nilidhani ananichunguza, anasubiri niseme. Kila nilipopita chini ya kile kibuyu niliinamisha kichwa. Hofu ya namna hiyo haiishi, inakua na mtu. Nilipokuwa mkubwa nikaelewa, bila shaka, mimi si mjinga, nimesoma, najua mtoto hafi kwa kunde. Lakini kujua ni kitu kimoja. Nyumba yangu haina ua la kumwagilia hata moja. Nilipokuwa na mimba ya huyu binti nilikuwa nikishika glasi ya maji nakwama, nikinywa nahofu, nisiponywa nahofu, mume wangu akadhani ni mapepe ya ujauzito.

Na ndiyo maana Jumamosi nilimfokea mtoto. Alipotoka nje na makopo yake akinung'unika, mama aliniuliza, bila haraka, maharage yamekukosea nini. Nikasema hakuna. Akasema hakuna gani hiyo inayomfukuza mtoto nje. Nikakaa mkekani pembeni yake, nikajikuta naanzia kwenye kinu. Nilimwambia yote, kibuyu, alama, kidumu, uzio, jani. Umri wote huu nilikuwa nalia kwa kamasi kama mtoto. Yeye alikuwa anasikiliza, vidole vyake vinaendelea kutafuta mawe kwenye mchele, mpaka nilipofika kwenye uzio. Hapo vikasimama.

"Siku ile ya trekta," akasema, "mtoto alikuwa ameacha kucheza tangu jana yake."

Sikuelewa. Akaendelea, akitazama ungo. Nesi alikuwa amemwambia anywe maji ya baridi, alale ubavu, asikilizie kama mtoto atashtuka. Alikunywa akasikiliza. Akanywa tena. Ulipokuja pale uzioni ukaniuliza kama nakunywa maji, akasema, nilijiuliza huyu mtoto kaambiwa na nani. Nilicheka kwa sababu nilitaka kulia, na mwalimu wako alikuwa amesimama pale.

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akaniuliza, je, wewe? Kisha akasema kitu ambacho sijamaliza kukifikiria hadi sasa, kwamba yeye miaka yote hii amekuwa akijiuliza kama hakunywa ya kutosha, kama angeongeza kikombe kimoja. Mimi nilitia mengi mno, yeye alitia machache. Tumeishi nyumba moja, tumekula sahani moja, kila mmoja na kipimo chake.

Akarudisha vidole kwenye mchele. Baadaye akauliza, "Na ile kunde ya nyuma ya jiko?"

"Ni hiyo kubwa, mama."

"Mimi nilijua imejiotea." Akafuta macho kwa upindo wa khanga. Alisimulia kwamba siku ya kwanza aliyotoka nje baada ya msiba wake, alikwenda kumwaga maji ya vyombo akaikuta, ina majani manne. Akasema moyoni, kumbe kuna kitu kimenisubiri. Kesho yake akatoka tena kuitazama, na kesho yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamtoa ndani. Nilikuwa nalikumbuka hilo, mama amesimama nyuma ya jiko asubuhi na sufuria mkononi, nami nimejibanza nikidhani amegundua kaburi.

Binti yangu akarudi na makopo yake, amenuna, anauliza kama sasa anaruhusiwa. Mama akamwita, akachukua lile kavu akaliweka mapajani kwake. Akanisogezea kikombe chake cha maji ya kunywa.

"Tia wewe," akaniambia.

Mtoto akaruka. Bibi, hilo halitakiwi maji, mwalimu amesema, nitakosa maksi. Mama akamwambia amwambie mwalimu wake kwamba bibi yake wa Bahi ndiye ameharibu, na akitaka aje amchape yeye. Nilishika kikombe. Nilikishika kwa mikono miwili, kama nilivyoshika kidumu juu ya lile dawati. Nikainamisha, maji yakaanza kudondoka kwenye pamba, na sikujua niache wapi, kwa kweli sikujua, mpaka mama alipoweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Inatosha," akasema. "Inatosha, mwanangu."